Nafasi ya Kiganja Kimoja

Asubuhi ya kwanza Déogratias alikuta mpini wa gazi wa pikipiki umelowa jasho. Haukuwa umande: kiti kilikuwa kikavu, tangi kavu, taa kavu. Ni mpini ule tu wa mkono wa kuume, tena una joto, kama mtu ameuachia sasa hivi akaenda kukojoa nyuma ya nyumba. Deo akaupangusa kwa shati na kucheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hasa akiwa na bunduki.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nne, waasi wameshika Uvira na bonde lote la Ruzizi, na Deo ndiye aliyewapelekea habari kutoka Luvungi hadi mjini. Siku ya uhuru alicheza mpaka viatu vikapasuka, na uhuru haukumletea hata baiskeli. Sasa alikuwa na pikipiki. Ilikuwa ya Sibomana, moniteri wa pamba, yaani bwana shamba, ambaye kosa lake lilikuwa kuvaa soksi ndefu na kujua Kifaransa. Walipomshusha hakuachia mpini. Deo ndiye aliyemvunja vidole, kimoja kimoja. Kisha wakamfungia ndani ya hangari ya pamba, wakawasha moto.

Lakini kuendesha sasa! Gazi ya pikipiki ile ilikuwa nyepesi mno. Uguse tu, inaruka kama ndama aliyeumwa na nyuki. Mara ilimtupa kwenye mihogo ya watu, mara ikamwingiza katika kuku wa mapadri, na shujaa wetu asiyeingiwa na risasi akatoka amejaa manyoya. Wenzake walimwambia alegeze kiwiko, ageuze kwa ncha za vidole, atazoea. Hakuzoea. Halafu, ghafla, akawa fundi, akajisifu kila kilabu cha pombe. Hakumwambia mtu kwamba mkono mwingine wenye jasho, vidole vimelegea kama kamba, ulikuwa unatulia juu ya wake na kugeuza pamoja naye.

Mchana mmoja mkewe Pélagie alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema asipofika kwa daktari wa Uvira watazikwa wote wawili.

Hapo ndipo upumbavu ulipoingia. Dawa ya waasi ya kuzuia risasi ilikuwa na miiko: mpiganaji asiguswe na mwanamke, na akishaondoka asitazame nyuma. Ukivunja, risasi inakuona.

"Usinishike," Deo alimwambia. "Shika chuma ya nyuma. Acha nafasi ya kiganja kati yetu."

Pélagie alimtazama. "Na tumbo hii? Siku ile haukuogopa kuguswa."

Alipanda hata hivyo. Walipofika usawa wa Mutarule akanong'ona, "Deo. Nani iko amekaa katikati yetu?"

"Hakuna muntu. Shika chuma."

"Iko na harufu ya pamba yenye kuungua."

Deo alitaka kupunguza mwendo, lakini mkono ule ulikuwa tayari juu ya wake, ukigeuza mpini taratibu, bila hasira, kama mtu anayeijua mashine yake, na injini ikalia, na mashimo ya barabara yakaanza kuwarusha, na ndipo mikono miwili ikamzunguka kiunoni ikambana, naye akamtukana mkewe kwamba amevunja dawa, amemuua, akamtukana kupita mashamba ya pamba, akamtukana kupita kizuizi cha wenzake waliompungia, huku nyuma sauti ikiita Deo, Deo, kila mara kwa mbali zaidi, naye akijiambia ni upepo wa ziwa, hageuki, mwanaume hageuki, na pumzi ya moto ikimpuliza shingoni mpaka langoni mwa hospitali.

Muuguzi alitoka akatazama kiti cha nyuma. "Mgonjwa iko wapi?"

Mikono ilikuwa bado kiunoni.

Wanawake waliotoka kulima walimwokota Pélagie barabarani. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Deo alipomfuata kwa mama yake, akaanza maelezo yake ya dawa na miiko, Pélagie alimsikiliza hadi mwisho.

"Minye nilikuita mpaka sauti ikaisha," alisema. "Weye ulimwachia nafasi. Kaa naye."

Mganga Apollinaire wa Nyamianda alifukiza pikipiki, akaiosha, akainusa kama mtu anayenunua samaki. Akasema imekuwa safi, mtoto anaweza kuichezea. Kisha akamtazama Deo kiunoni, akakusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Na dawa ilifanya kazi, usiseme haikufanya. Waasi walipofukuzwa, wenzake walianguka kama nzige, lakini yeye risasi haikumwona. Yupo hadi leo, mnene, anauza chumvi sokoni, na haguswi na mwanamke yeyote. Ila mtazame shati lake. Hulipiga pasi kila asubuhi likanyooka vizuri, na kabla jua halijapanda limekwisha kukunjamana kiunoni, pande zote mbili; upande wa kuume mikunjo imelegea, imepinda ovyo, mitano.