Kura Ambayo Mehrunissa Aliikataa

Kila jioni Donatienne alitoka kiwanda cha mikate cha Downsview, huko Kanada, akinukia unga mtamu. Kwenye basi aliegemeza kichwa kiooni, nusu macho, nusu usingizi. Nje theluji ilianguka bila sauti. Maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch yalimjia polepole kama mishumaa mirefu iliyowashwa.

Siku hizo alikuwa na ndoto moja. Anaingia ukumbini, anaitwa kwa jina lake lote, anatumbukiza karatasi ya kura sandukuni. Karatasi inashuka taratibu kama unyoya, haifiki chini. Anaamka anatabasamu.

Ndoto ilikuwa na chanzo. Jirani yake Mehrunissa, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa anagombea bunge la jimbo. Huyu si mtu wa maneno matupu. Lifti ikiharibika, ni yeye aliyewapandishia wazee mizigo yao. Mélissa, binti wa Donatienne, alijifunza kusoma mezani kwake, bure. Sasa picha ya Mehrunissa ilikuwa kwenye mabango ya kampeni katika nyua za watu, anacheka.

"Kura yangu ni yake," Donatienne alisema baada ya ibada.

"Una kitambulisho chenye picha?" aliuliza Onesphore, mwenzake wa kwaya.

"Ninacho."

"Basi nini tena? Kwetu Kongo kadi ya kura ndiyo kitambulisho chenyewe. Benki unaonyesha hiyo, polisi unaonyesha hiyo. Mwenye kadi ni mpiga kura! Mimi nitapiga mapema nimalize."

"Lakini uraia sijapata."

"Hata mimi bado. Kodi hatulipi? Acha woga, Mama Mélissa. Woga tuliuacha kwenye kambi ya wakimbizi."

Watu wakacheka. Donatienne naye akacheka. Maneno yalimwingia kama maji ya uvuguvugu.

Jumamosi Mehrunissa alikuja kumsalimu. Akavua viatu mlangoni, akakung'uta theluji kwenye shali. Donatienne alimimina chai, kisha akaweka kadi yake mezani kwa madaha.

"Ona, dada. Kura yako hii hapa."

Mehrunissa aliitazama, akaweka kikombe chini.

"Hii ni kadi ya ukaazi, mama. Maombi yako ya uraia yamefika wapi?"

"Wanasema tusubiri. Mimi na Mélissa, tuliomba pamoja."

"Basi kura yako siitaki."

Donatienne alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Siitaki."

"Nimekukosea nini? Kwetu wagombea wanazunguka na chumvi na sukari kuomba kura. Wewe unapewa bure, unaringa!"

Mehrunissa alicheka, akamshika mkono. "Siringi, mwenzangu. Sikiliza. Hapa anayepiga kura ni raia wa Kanada, aliyetimiza miaka kumi na minane, anayekaa jimbo hili la Ontario. Kadi ya ukaazi haitoshi. Leseni ya gari haitoshi. Hata kulipa kodi hakutoshi."

"Si watanizuia mlangoni?"

"Hapo ndipo penye shimo. Huenda wasikuzuie. Utaonyesha jina na anwani, utatia sahihi kwamba wewe ni raia, utapewa karatasi. Hakuna atakayekushika mkono. Lakini utakuwa umesema uongo kwa sahihi yako. Ni kosa la sheria. Kuna faini, hata jela. Na linaweza kukufuata mpaka kwenye maombi yako ya uraia."

"Ya Mélissa pia?" Sauti ya Donatienne ilikuwa ndogo.

"Si mliomba pamoja?"

Chai ikapoa. Donatienne aliirudisha kadi mfukoni pole pole, kama mtu aliyeona nyoka kwenye kuni.

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa kutazama tu?"

"Nani kasema? Kubisha hodi na kuwahimiza watu wapige kura hakuhitaji uraia. Nani anawajua watu wa jengo hili kukushinda?"

Basi wakabisha hodi. Jioni baada ya jioni Donatienne alitembea kwenye korido ndefu zenye harufu ya pilau na samaki wa kukaanga. Kwa kila mlango uliofunguka alikuwa na swali lilelile: "Wewe ni raia? Basi usiilaze kura yako." Mzee Madatali, mwenye macho mabovu, alimjibu, "Mwanangu, tangu nipate uraia sijapiga hata kofi, sembuse kura."

"Nitakupeleka, mzee."

Siku ilipofika alimpeleka. Ukumbi wa shule ulikuwa kama wa ndotoni. Sakafu iling'aa, watu walinong'ona, sanduku lilikaa kimya. Msichana wa mlangoni alimwelekeza Mzee Madatali mezani, kisha akamgeukia Donatienne.

"Na wewe, mama, unapiga leo? Una kitambulisho?"

Mkono wa Donatienne ulikuwa umeshafika mfukoni. Pale ndani hakuna aliyejua kwamba si raia. Sanduku lilikuwa hatua chache tu. Akamfikiria Mélissa.

"Bado sijawa raia," alisema. "Nimemleta mzee."

"Asante, mama. Keti umsubiri."

Mehrunissa alishindwa kwa kura chache. Donatienne alilia sana. "Labda iliyopungua ni ile yangu," alisema.

"Ningeshinda kwa ile yako," Mehrunissa alimjibu, "nisingelala." Jumamosi iliyofuata akarudi mezani kuwafundisha watoto wa jengo.

Onesphore alikuwa amepiga kura, kama alivyosema. Aliitwa na wakuu wa uchaguzi akajieleze, na hadi leo anahangaika na wakili. Ndugu msomaji, usiulize nani atajua. Ukiulizwa kama wewe ni raia na hujawa, sema bado. Neno hilo halijamnyima mtu nchi.

Majira ya joto Donatienne na Mélissa waliitwa kula kiapo cha uraia. Walisimama katikati ya wageni wengi, wakainua mkono wa kulia, wakaapa. Walipotoka, Mélissa alimvuta mama yake gauni, akamuuliza kwa Kiingereza, "Mama, sasa tunaweza kupiga kura?"

"Wewe kwanza ukue," alisema Donatienne. "Mimi naweza."