Kibiriti Aliyekataa Kupiga Kelele

Je, mjukuu wangu, umewahi kuumia ukakimeza kilio mpaka kikakuchoma kooni? Basi nikusimulie ya Kibiriti, binti wa mwanangu. Tulimwita hivyo kwa kuwa ni mwembamba na huwaka upesi.

Mwanangu ni seremala. Karakana yake ina meza tatu, msumeno wa umeme, na vumbi la mbao linalokaa hadi kwenye nyusi. Sheria yake ni moja: anayejikata hupaza sauti, "Damu!" Papo hapo mashine huzimwa, na wote huacha kazi wakamkimbilia. Hakuna anayechekwa.

Kila Jumamosi Kibiriti alifagia, kaka yake akipiga randa kulainisha mbao. Siku hiyo baba yao alikuwa ametoka kwenda kupima mlango wa mteja.

"Nipe nami nipige kidogo," Kibiriti alisema, akaishika randa.

"Toka hapa! Ufagio wako ule pale. Mikono yenyewe njiti tupu!"

Kibiriti alimtandika ngumi ya mdomo. Kaka akamsukuma ukutani. Akainuka, akamrukia, akamng'ata bega. Kaka, damu ikimchuruzika kidevuni, akanyakua ubao na kumpiga nao mkononi. Hakuona msumari wenye kutu uliochomoza. Ukazama kiganjani wote. Kibiriti aliung'oa mwenyewe, kama mtu ang'oaye jino.

"Sema damu!" kaka alimwambia, akiutupa ubao. "Sema!"

"Sisemi. Baba akijua atanifukuza humu. Na wewe ukisema, mimi sina kaka."

Akajifunga kitambaa cha kufutia vanishi, akaendelea kufagia.

Siku mbili aliuficha mkono ndani ya kanga. Siku ya tatu nilimwona ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nikamfungua kile kitambaa. Mama yangu wee! Kiganja kilikuwa kimevimba, kinanuka, na mstari mwekundu unapanda kuelekea kwenye kiwiko.

"Bibi, usimwambie baba."

"Vaa viatu," nikamjibu. Mwanangu nikampigia simu njiani.

Zahanatini, daktari alimdunga ganzi, akashika kisu kidogo, akapasua. Usaha uliruka hadi kwenye aproni yake. Kibiriti alipiga yowe, nami nikamkumbatia kichwa.

"Unajua usaha huu ni nini?" daktari aliuliza huku akikamua. "Ni maiti za vita. Msumari ulizichana seli zako na kuingiza vijidudu. Seli zilizoumia zikamwaga kemikali nje. Hiyo ndiyo sauti yao. Mishipa midogo ya damu ikatanuka. Seli nyeupe zinazopita humo zina vipokezi juu yake, tuseme ni masikio. Kemikali ikigusa pale, zinaamka. Zinapenya ukuta wa mshipa, zinafuata kule kemikali inakozidi, zinavimeza vijidudu na kuviua. Nyingi hufia hapo hapo. Ndiyo maana pamevimba, pana moto, panauma."

"Kumbe nazo zilisema damu!" Kibiriti alinong'ona.

"Zilisema siku tatu mfululizo," alijibu baba yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, vumbi bado kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama kaka, mdomo umevimba.

"Ni mimi niliyempiga, baba," kaka alisema. "Nilijua, nikanyamaza."

"Vijidudu vilikuwa vimezizidi nguvu seli zake," daktari aliongeza. "Mngechelewa zaidi, angeweza kuupoteza mkono, hata uhai. Atapona. Atachomwa sindano ya pepopunda na kunywa dawa zote bila kuacha."

Mwanangu alichuchumaa mbele ya binti yake. "Mwanangu, hata seli isiyoonekana kwa macho ikiumia huita wenzake. Kuita msaada si aibu. Aibu ni kupigana kwenye vifaa, halafu mkafichiana kidonda. Sasa niambie, kwa nini hukupiga kelele?"

Kibiriti aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji nyeupe. Safari hii hakumeza kitu.

"Niliogopa utanifukuza karakanani, nami nilitaka kupiga randa, baba. Sitaki kufagia tu. Nataka kuwa fundi kama wewe."