Mjomba Anaposhusha Pumzi

"Dada, mambo yameharibika. Msome sasa hivi!"

Sauti ya Fundi, mwenzake wa idara ya usalama, ilipenya kwenye sikio la Mkunga kupitia kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

Mkunga hakutikisika. Alikuwa ameshika karata mbili, na macho ya Mjomba yalikuwa yamemganda usoni.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu ya hoteli. Mapazia yalifungwa, ijapokuwa nje jua lilikuwa linawaka. Mezani walibaki watatu: yeye, Mjomba, na Sonara, mzee mwenye duka la dhahabu ambaye, maskini wa Mungu, alikuja kucheza tu. Mlangoni alisimama mlinzi, koti limetuna upande wa kushoto.

Mjomba. Kila mtu alimwita hivyo, hata polisi. Aliwagawia watoto wa mtaani kwake peremende, na baba zao bunduki.

Safari hii alikuwa ameingiza kombora la kurushwa kutoka begani.

"Kuna ndege ya abiria inashuka," Fundi aliendelea. "Haina mafuta ya kurudi. Kombora liko kiwanda cha barafu, gereji ya matrekta, au ghala la mbolea. Vyote viko chini ya njia ya ndege. Na kikosi tunacho kimoja tu."

Mkunga alisukuma chipu zake zote za dau katikati ya meza.

"Zote."

Sonara alitupa karata zake haraka. "Mimi simo. Nina wajukuu."

Mjomba alitabasamu, akaanza kufikiri.

Tangu asubuhi Mkunga alikuwa akishindwa kwa makusudi. Kila alipopoteza, alijifunza. Mjomba akiwa na karata mbovu, alifanya vituko: mkono ulitetemeka, chipu zikamponyoka, ili udhani ameshika kitu kizito. Akiwa na karata nzuri, mabega yalilegea. Alishusha pumzi kama mtu aliyechoka na dunia.

Basi. Liwalo na liwe.

"Mjomba," Mkunga alisema taratibu, "kombora lako liko wapi?"

Mlinzi alipeleka mkono kotini.

"Mwambie atulie," Mkunga alisema. "Bastola yangu, Beretta, iko chini ya meza. Inakutazama wewe, siyo yeye."

Mjomba aliinua kidole. Mlinzi akaganda.

"Kumbe wewe ndiye mpelelezi," Mjomba alisema. "Na nilishaanza kukupenda, mwanangu."

"Liko kiwanda cha barafu?"

Mjomba alipepesa macho. Basi.

"Gereji ya matrekta?"

Mkono wa Mjomba ulishtuka. Glasi ikapinduka, maji yakatiririka mezani. Akameza mate.

Fundi aliona yote kupitia kamera iliyofichwa kwenye kifungo cha blauzi. "Gereji! Ameshikwa! Kikosi, elekeeni gereji!"

"Ngoja," Mkunga alisema. Kisha akauliza la mwisho. "Ghala la mbolea?"

Mabega ya Mjomba yalilegea. Akashusha pumzi.

"Mama, kule kuna uvundo tu," alisema kwa uchovu. "Nenda ukanuse."

Mkunga akikosea, watu waliojaa kwenye ndege ile wangeteketea, na yeye angekuwa amekaa hapa na karata mkononi.

"Ghala la mbolea," alisema.

"Dada, mkono umemtetemeka! Nimeona kwa macho yangu!"

"Umeona alichotaka uone. Geuza kikosi!"

Sikioni, Mkunga alisikia Fundi akitukana, kisha akipiga kelele. Matairi ya Land Cruiser yalilia juu ya lami.

Sonara alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza kwa dua. Kwa mbali ukasikika mngurumo. Ukakua. Madirisha yakaanza kutetemeka.

Mjomba sasa alikuwa ameacha kuchoka. Alikaa wima, shingo imekaza, akisikiliza.

Ndege ilipita juu ya paa.

Mngurumo ukafifia. Ukaisha.

"Tumelipata!" Fundi alihema. "Lilikuwa ndani ya ghala, tayari begani. Wawili wamekamatwa. Ndege imetua. Dada... nisamehe."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Askari wanne wakamlaza mlinzi chini kabla hajachomoa silaha. Wa tano alimfunga Mjomba pingu.

"Nani ameniuza?" Mjomba aliuliza. "Dereva? Mwanangu wa kuzaa?"

Mkunga alivaa koti lake, akaiweka Beretta kiunoni.

"Wote walikuwa waaminifu," alisema. "Usiwaonee."

Akamshika Sonara mkono, akamsaidia kuinuka.

"Karata zako zilikuwa gani?" mzee alinong'ona.

"Mbovu, baba."

Akaifuata korido bila haraka, akabonyeza kitufe cha lifti, na wakati akisubiri akafunga vizuri kamba ya kiatu.