Nzohe Aliyeitwa Loyce

Mimi sisemi watu. Ila Verediana, jirani yetu, macho yake sijawahi kuyaamini.

Ilikuwa mwaka huu, kijijini kwetu Kibondo, pembeni mwa pori la Moyowosi. Nestori, mtoto wa kaka yangu, alipata kazi ya kufunga kamera mitini ili nzohe wahesabiwe. Hao ni swala wa majini, hujificha kwenye mafunjo. Wasije wakachanganywa, kila mmoja alipewa jina. Na mpumbavu yule akawapa majina yetu! Kwetu mnyama wa pori hapewi jina la mtu aliye hai. Ukiliita kule, kuna wanaosikia.

Jike zuri kuliko wote akaliita Loyce, kama mkewe.

Loyce mwenyewe, mke wa Nestori, alikuwa na mimba pevu. Ghafla akaacha kula. Akawa wa kulala tu, mwili baridi. Verediana akahamia nyumbani kwao, eti anamsaidia. Nani alimwita?

Jioni moja nikampelekea Nestori ugali kambini kwake porini.

"We mwana, nenda kalifute jina la mkeo."

"Shangazi, umbea wako umefika mpaka kwa swala?"

Lakini hakucheka. Tukashuka bondeni jua likizama, akafungua kamera ya mwisho. Picha ya kwanza, yule nzohe amelala matopeni. Ya pili, mkono wa mtu unampapasa tumbo.

Mkono wa mwanamke.

"Nani huyo?"

"Huku haruhusiwi mtu," akanong'ona.

Upepo ukakata. Ikaja harufu... manyoya mabichi, na maziwa. Mafunjo yakalia chwaa... chwaa...

"Nestoriii..."

Sauti ya Loyce.

Akafungua mdomo aitike. Nikamziba kwa kiganja.

"Ukiitika, umekubali!"

Yooo, nilivyokimbia na magoti haya!

Nyumbani tukamkuta Loyce ameketi kitandani. Tumbo hakuna. Verediana amepakata kichanga, kimeviringishwa blanketi mpaka kidevuni.

"Hongera, baba," akasema, anatabasamu.

Loyce hakumtazama mtoto. Alimtazama mumewe.

"Nilikuita kule. Mbona hukuitika?"

Mtoto yu mzima. Ananyonya, analia kama wenzake. Sisemi kitu. Ila miguu yake sijaiona mpaka leo. Kila nikigusa lile blanketi, Verediana ameshafika.