Ubeti Ambao Redio Haikuwahi Kuurusha

Ndugu wasomaji, kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha Bibi, msikilizaji maarufu wa redio ya taifa. Amefariki Jumamosi hii, akiwa hewani.

Bibi mwenyewe ni mimi. Mvulana wa bweni, mwenye ndevu tatu; nyumbani wananiita Kidevu.

Msinitukane kwanza.

Dada yangu anatunga nyimbo na kuziimba. Redio ina kipindi cha waimbaji chipukizi: wimbo ukiombwa na wasikilizaji, unarudiwa. Wake haukuombwa na mtu.

Basi nikaazima simu ya matroni, eti nawajulia hali wa nyumbani. Nikabana pua, nikakohoa kidogo.

"Mwanangu mtangazaji, niwekee yule binti wa gitaa. Ananiponya magoti."

Mtangazaji alicheka mpaka akakosa pumzi. Nikawa napiga kila wiki. Wimbo ukarudiwa... ukarudiwa tena... dada akaacha kazi ya ushonaji ili arekodi albamu. Akaiita "Zawadi ya Bibi".

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza.

Jumamosi mtangazaji akamwalika dada studio, kisha akaipigia simu ya matroni, niliyokuwa nimeiazima tena.

"Bibi, tuko hewani. Binti wako wa gitaa yuko hapa, analia kwa furaha."

"Shikamoo, Bibi," dada akasema.

Dada yangu wa damu... ananiamkia mimi. Na mimi, bila haya, nikaitikia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, hebu tuimbie kidogo," mtangazaji akaomba.

Nikabana pua, nikaimba:

"Mlango nauacha wazi, mdogo wangu aogopa giza..."

Kimya. Redioni, kimya ni msiba.

"Bibi," dada akasema taratibu, "ubeti huo sijaurekodi. Niliutoa."

Nikabana pua zaidi.

"Niliutoa kwa sababu kuna mtu nyumbani aliucheka mpaka akagaragara sakafuni. Ni wewe, Kidevu?"

Nikageuka nitoroke. Matroni alikuwa amesimama mlangoni, redio yake mkononi.

"Mjibu dada yako," akasema.

Nikaachia pua.

"Ni mimi, dada."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anasikiliza? Nimeacha kazi yangu kwa ajili ya pua yako?"

Wasomaji, kumcheka sikujificha. Kumsifu ndiko nilikojificha. Msifanye kama mimi.

"Alikuwepo mmoja, dada," nikasema, nchi nzima ikinisikia. "Ubeti ule anaujua wote. Aliona aibu tu kukwambia kwa sauti yake."