Jiko la Bibi Kristina

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya sala na kufagia uwanja, wavulana wa darasa la ujenzi katika shule ya misheni, milimani juu ya Mkuyuni, walitoa rula zao wakachora nyumba. Severini ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Kijiji kizima kilijua, maana mama yake alihakikisha hakuna anayepitwa na habari hiyo.

Mwaka 1952 nyumba ya mjane mmoja, Bibi Kristina, ilianguka kwa mvua. Shule ikaahidi kumjengea nyingine kwa mchoro wa mwanafunzi utakaoshinda.

"Kabla hujachora, nenda ukakae naye," Mwalimu Gabrieli alimwambia Severini. "Muulize anapikaje, anaweka wapi chakula. Majibu yake yaandike pembeni ya mchoro."

Severini aliondoka vizuri tu, ila njiani akakuta mpira umenoga.

"Kizee yule akuambie nini wewe?" Andrea, mwenzake wa darasani, akamkejeli. "Atataka banda kama lile lililoanguka!"

Severini akacheka, akacheza mpaka jua likazama, kisha akajitungia majibu. Mchoro wake ukashinda.

Nyumba ikasimama, nyeupe kwa chokaa, wapita njia wakiikodolea macho. Ilikuwa na vyumba viwili, dari ya mianzi, na jiko nje, mbali kabisa, moshi usiingie ndani.

"Sasa dari yangu itapata wapi moshi?" Bibi Kristina aliuliza. Wavulana wakaona ni maneno ya uzee tu.

Miezi ikapita. Mvua za kupanda zilipokaribia, mama yake Severini akamtuma apeleke mboga kwa bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, fundi wangu. Karibu."

Bibi alikuwa ameketi chini, ungo magotini. Akakung'uta hindi moja. Ukamwagika unga wa kijivu, na fukusi wakatambaa.

"Zamani nilipika ndani, chini ya dari niliyowekea mbegu," alisema. "Moshi uliipiga mbegu mwaka mzima, mdudu hasogei. Mbegu hii alinipa mama yangu, naye alipewa na mama yake. Hakuna mwingine aliyebaki nayo. Imekwisha, baba."

"Yote, Bibi?"

"Chambua mwenyewe."

Severini akachambua hindi baada ya hindi. Hakupata punje nzima hata za kujaza kiganja.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. "Yale majibu ya pembeni… sikumuuliza Bibi. Niliyatunga."

Mwalimu hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Jumamosi darasa zima likajenga uchanja wa kuwekea mahindi juu ya mafiga, kule kwenye jiko la nje. Bustani ya shule ikatoa mbegu nyingine, lakini ilitosha nusu tu ya shamba la Bibi. Nusu ya pili ikaota majani matupu.

"Jiko tumelirekebisha," alisema Mwalimu Gabrieli, wamesimama ukingoni mwa shamba lile. "Mbegu aliyopewa Bibi na mama yake hatuwezi kuichora. Mtu yupo hai, mlango wake wazi, wewe ukaandika uongo ukamsingizia ni maneno yake! Ukitaka kumjengea mtu, muulize. Na kama hukumuuliza, sema hukumuuliza, mapema, wakati bado panarekebishika."

"Ndiyo, Mwalimu," Severini akajibu, macho yake kwenye majani.