Simu Zisizo na Mtu

Saa tatu kamili asubuhi, Kipimahaja kilimaliza kusikiliza nchi nzima. Kilikuwa mashine ya kupokea simu, fahari ya kampuni moja ya vifaa vya tiba jijini Dodoma. Mwaka mzima kilipokea simu za wananchi, kila mmoja akieleza shida yake, kisha kikaipanga miradi ya kampuni: unaohitajika zaidi juu, usiohitajika chini. Hakuna mkubwa wa kukinong'oneza, wala mradi wa shemeji kupigiwa debe.

Mhandisi Sikudhani Mbwambo, aliyekiunda mwenyewe, aliutafuta mradi wake kwenye orodha iliyomulikwa ukutani. Koromeo-bandia, la kuwarudishia sauti walioporwa na ugonjwa, lilikuwa la mwisho. Maombi: sufuri. Na mradi wa mwisho hufutwa siku hiyohiyo.

"Pole, mama," alisema mkurugenzi, Bwana Kihiyo, na pole yake ilitoka moyoni. "Lakini wewe ndiye uliyetuhakikishia kwamba mashine hii haipendelei mtu. Kama wanalihitaji, mbona hawapigi?"

Lo, aliwaza Sikudhani, mtu na akili zake timamu, miaka yote hiyo asilione hilo! Aligeukia ukuta wa kioo. Upande wa pili, mapokezini, alikaa mumewe Mhina, aliyekuja kungoja matokeo. Mwaka wa tatu huu, tangu ugonjwa uipore sauti yake, nyumba yao ilizungumza kwa makofi na vikaratasi.

Akamwashiria apige simu.

Spika ya mezani ikaita. "Karibu. Eleza haja yako," kilisema Kipimahaja.

Zikasikika pumzi tu, nzito, zenye mkwaruzo.

"Eleza haja yako."

Pumzi.

"Hakuna mtu." Simu ikakatwa.

"Nani huyo?" aliuliza Kihiyo.

"Mume wangu. Yule pale anayekupungia mkono."

Kihiyo naye akampungia, uso umemshuka. Kisha akauliza taratibu, "Kipimahaja, mwaka huu umekata simu ngapi za namna hiyo?"

"Simu zisizo na mtu: elfu arobaini na moja, mia mbili na sita."

"Leo hatufuti kitu," alisema Kihiyo hatimaye.

Sikudhani hakumsikia vizuri. Kanuni ile ya kukata simu aliiandika yeye, miaka sita iliyopita, ili mashine isipoteze muda. Alisukuma kiti, akatoka bila kuaga, akaenda kumwomba mumewe radhi.